Mgomo Marekani: Mwajiri Ana Milango Miwili, Sisi Tuna Mmoja

Agosti 2017, hapa jimbo la Washington, madereva wa zege wa Glacier Northwest waligoma baada ya mkataba wao wa hali bora kumalizika. Baadhi walirudisha malori yakiwa na zege mbichi, wakaacha mapipa yanazunguka. Zege ikaharibika, na kampuni ikadai fidia kwa chama chao cha Teamsters katika mahakama ya jimbo.

Tangu kesi ya Garmon ya 1959, jambo linaloweza kuguswa na sheria ya kazi ya 1935 huamuliwa na Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, na mahakama za majimbo hukaa pembeni. Ndiyo maana mahakama ya juu ya Washington iliitupa kesi ile. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha jimboni iendelee, majaji wanane kwa mmoja. Aliyepinga ni Jaji Ketanji Brown Jackson, nami niko upande wake.

Lakini dereva akifukuzwa kwa kujiunga na chama, hawezi kulipeleka dai hilo mahakama ya jimbo. Aende kwenye Bodi, ambayo haina uwezo wa kumtoza mwajiri faini; mshahara aliokosa atalipwa, ukikatwa alichochuma kwingine. Na mwaka 2025 Bodi yenyewe ilikaa miezi mingi bila akidi: Rais alimwondoa mjumbe Gwynne Wilcox mwezi Januari, wakabaki wajumbe wawili, na sheria inataka watatu. New York na California zikatunga sheria za kuziba pengo, vyombo vya jimbo visikilize malalamiko hayo. Bodi ikazishtaki!

Nyumbani Tanzania, sheria ya kazi ya 2004 imewaweka wote njia moja. Mgomo halali haufunguliwi kesi ya madai. Ukiwa haramu, mwajiri anakwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, hana pengine. Ubaya wetu ni masharti ya kugoma: usuluhishi, kura, notisi ya saa 48. Hayo yapunguzwe, maana yanawachosha watu kabla hawajaanza. Lakini aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ziko mikoani, na anajieleza kwa Kiswahili.

Marekani ikitaka kuyafungia majimbo nje, basi imfungie na mwajiri. Na ninyi mnaoendesha malori huku: lalamiko kwa Bodi lina miezi sita tu, na hata asiye na makaratasi anaruhusiwa kulipeleka.