Tufundisheni kwanza kuziba jino likazibika

Jamani naomba niseme hili maana limenikaa moyoni siku nyingi. Saivi kila nikifungua simu nakutana na tangazo la kozi ya vipandikizi vya meno, wikiendi moja hotelini Dar, unalipa hela ndefu unatoka na cheti. Sina ugomvi na vipandikizi, ni kazi nzuri sana, unaweka skrubu ya titani kwenye mfupa wa taya, unasubiri miezi mfupa uishike, alafu ndo unapandisha jino juu yake. Ila mi nipo hospitali ya wilaya na hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba kipandikizi, wanakuja na gego limetoboka, hawajalala siku tatu, na kabla sijavaa hata glavu wanasema dokta we ng'oa tu.

Juzi kaja mama mmoja, tundu kubwa lakini halijafika kwenye neva, yaani jino la kuokoa kabisa lile. Akaniambia mwanangu ng'oa, mwaka jana nilizibwa lingine likadondoka wiki ya pili. Niliumia. Filingi haidondoki wiki ya pili hivi hivi tu, mara nyingi mate yameingia wakati wa kuziba au uozo wa pembeni haukukwanguliwa ukaisha, na hivyo vyote ni vya mkono, mkono unafundishwa, tena kwa kurudia rudia huku mtu mzoefu amekusimamia, sio kwa slaidi. Nilimbembeleza tukaliziba.

Na kinachonichoma zaidi, ile mbinu ya kuziba bila mashine wala umeme, ART (Atraumatic Restorative Treatment), ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Mholanzi Jo Frencken ni mmoja wa walioiasisi. Unakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, unajaza glasi ionoma, aina ya saruji ya meno, ambayo inajishika na jino yenyewe na kutoa floraidi polepole, haihitaji ile taa ya bluu ya kugandishia, kwahiyo umeme ukikatika we unaendelea na kazi. WHO wakaipigia debe mwaka 1994, ikasambaa duniani, leo niambieni ni lini mara ya mwisho mmeona kozi yake ikitangazwa.

Mapengo nayo ni hivyo hivyo. Jino likitoka, la jirani linalalia pengo, la juu linashuka, mfupa unapungua. Meno ya kuvaa ya akriliki yangesaidia wengi sana ila vipimo vya umbo la mdomo vikichukuliwa ovyo yanachubua fizi, mgonjwa anayafungia kabatini.

Mnaoandaa kozi za mwaka huu, leteni moja huku wilayani, siku tano za kuziba na kuchukua vipimo tu. Kiti ninacho, na wagonjwa wapo kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi.