Msiwadai Gredi ya 10 Deni Letu

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024 tumekaa pahali pa ajabu. Hapa Kenya tulifanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2023, na Mungu akipenda tutafanya KCSE ya mwisho, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwaka wa 2027. Mwaka wa 2025 hakuna kidato cha kwanza kilichoingia shule yoyote ya upili nchini, kwa sababu wadogo zetu wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9, na kwao shule ya upili ya juu huanza Gredi ya 10. Wazazi waliliongea hilo kama habari ya karo na vitabu. Bwenini lilikuwa na maana nyingine kabisa: tulimaliza mwaka wetu wa kuwa mono, tukageuka kutazama nyuma, na nyuma hakukuwa na mtu.

Kwa wale ambao hawakusoma shule za bweni, mono ni mgeni wa kidato cha kwanza, na mgeni huyu hapokelewi kwa chai. Unaambiwa upulize balbu hadi izime. Unapewa kijiti cha kiberiti upime urefu wa bweni, na ukipoteza hesabu unarudi mlangoni kuanza upya. Unapiga simu nyumbani kwa kutumia kiatu, kisha unaulizwa kwa nini mama yako hapokei, kwani hakupendi? Haya tukisimuliana mchana tunacheka, hata mimi. Yapo mengine hayachekeshi. Siagi na sabuni yako inagawanywa ukiona. Unaamshwa usiku wa manane ukafue nguo za mtu. Unazabwa kofi ambalo hata aliyelizaba hana sababu nalo. Mwenzetu mmoja alihamishwa kabla muhula wa kwanza haujaisha, akapelekwa shule ya kutwa karibu na kwao. Hakuna mwalimu aliyetuuliza kulikoni.

Sasa Januari mwaka huu wa 2026 Gredi ya 10 wakafika. Sare mpya, masanduku yanayong'aa, na sura zile zile tulizokuwa nazo sisi. Usiku wa kwanza nilisikia sauti kutoka kitanda cha juu upande wa dirishani: "Hatimaye." Neno hilo moja tu, na bweni zima likaelewa. Tulikuwa tumengoja miaka miwili.

Naandika kuwapinga wenzangu wa kidato cha tatu, na najua baadhi yao watanikasirikia. Hoja yao naijua vizuri kwa sababu imesemwa mbele yangu mara nyingi: sisi tuliteswa, tukakomaa, na hawa nao wakomazwe. Wanaongeza kwamba bila hivyo wadogo hawatakuwa na heshima. Mimi nasema heshima ninayoiona ni ya mtu anayetega sikio asikie hatua za nani zinakuja, na hiyo inaitwa hofu. Halafu huko kukomaa, nani alikupima? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili hata kiakili. Walimu wanaijua. Lakini sheria haina zamu ya usiku.

Mama yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye hapa Kisumu, na ana wateja wanaokopa kisha wanapotea. Wengine huwasamehe, ingawa hawakopeshi tena. Kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya ni kumtoza mteja wa leo omena aliyokula mteja wa mwezi jana. Basi watu waliokula sabuni zetu wameshamaliza shule na kwenda zao. Huyu mtoto aliyefika Januari hakuonja hata kipande.

Hapo ndipo suala la msamaha linapoingia, na hapo pia ndipo sikubaliani na shule. Shuleni msamaha una ofisi. Depyuti, yaani naibu wa mwalimu mkuu, anawasimamisha wawili, anawaambia washikane mikono, mmoja anasema pole akitazama sakafu, mwingine anasema nimekusamehe akitazama saa ya ukutani, na faili inafungwa kabla ya kengele ya chakula. Usiku wanarudi bweni lile lile. Aliyesamehewa sasa ana sababu ambayo mchana hakuwa nayo: ulinipeleka ofisini. Jumapili mhubiri mgeni anakuja kutukumbusha sabini mara saba, na sina ubishi na Biblia, ila sikumbuki mhubiri hata mmoja aliyeuliza kama sabuni ilirudishwa.

Nikiulizwa mimi, ningetenganisha mambo hayo. Aliyekosa alipe alichochukua, ahamishwe bweni, mzazi wake aitwe. Hiyo ni kazi ya shule na isicheleweshwe. Kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa, na aachiwe aifanye kwa saa yake mwenyewe, hata kama ni miaka baadaye, hata kama ni kamwe. Mtu akiamriwa kusamehe leo kabla ya ugali, anachojifunza ni kusema uongo kwa adabu.

Zamu yangu ya kusamehe ilinikuta Kondele. Likizo ya Aprili nilikuwa natafuta usafiri wa kurudi Nyalenda, tuktuk ikasimama, dereva akatoa kichwa nje: "Mono wangu!" Alikuwa yeye, yule aliyenizaba kofi nikiwa mono. Alifanya KCSE mwaka jana, anasubiri kuitwa chuo, na kwa sasa anaendesha tuktuk ya kaka yake. Mtu huyu nilikuwa nimemwandalia hotuba kichwani, yenye utangulizi na hitimisho, kama zile za mashindano ya mijadala. Yeye alifurahi. Sisemi alijifanya, alifurahi kweli. Akauliza kama depyuti bado ana lile koti la kijivu. Akasimulia ile ya balbu kana kwamba ni kisa chetu sote wawili, tulikifurahia pamoja, na akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kofi hakulitaja. Nadhani halikumbuki. Nauli alikataa, akaniambia ninunue mandazi.

Nilishuka na hotuba yangu mdomoni. Nilipomsimulia mama, alisema kile mama wote husema: "Samehe tu, baba, utakuwa mwepesi." Sikuwa mwepesi hata kidogo. Nilikuwa na hasira zaidi, kwa sababu nimembeba mtu usiku na mchana na yeye hata hana habari kwamba amebebwa. Hasira hiyo ilikaa siku kadhaa kisha ikaanza kuchosha. Sijui kama huo ndio msamaha. Najua tu kwamba nilikoma kutunga sentensi za kumwambia.

Na sentensi zilipokoma nikagundua jambo kuhusu ndoto zetu. Lala katika bweni lolote la wavulana taa zikishazimwa, usikilize. Fulani atarudi hapa na gari kubwa, na yule mwalimu aliyemwita mbumbumbu ndiye atakayemfungulia lango. Fulani atakuwa daktari, na kiranja aliyemnyima chakula atapanga foleni mlangoni pake akiwa mgonjwa. Kila ndoto ina mtazamaji, na mtazamaji ni adui. Watu wazima wakisikia husema tuna bidii. Lakini ukimwondoa adui, ndoto nyingi zinabaki bila miguu, maana mwenyewe hakuwahi kujiuliza kama anapenda kukaa na wagonjwa.

Yangu ilikuwa uwakili. Ukiniuliza ningekujibu kwamba napenda haki, na jibu hilo liliwafurahisha sana walimu. Kumbe picha iliyokuwa kichwani ni mimi katika joho jeusi na yeye kizimbani. Tangu siku ile ya Kondele nikimweka kizimbani anaanza kucheka kuhusu balbu, na kesi inaharibika.

Kitu ninachotaka kukijua, bila kumwonyesha mtu, ni Ziwa Victoria. Nimekulia hapa Kisumu nikiona gugumaji likija na kuondoka bila kumwomba mtu ruhusa. Upepo ukilisukuma hadi Dunga, mashua zinakwama, na nyumbani tunajua kwa bei ya omena tu, kabla hata ya kwenda kutazama. Kwa nini wiki hii na si iliyopita? Inatoka wapi mbolea inayolinenepesha hivyo? Kuna watu wanaolipwa mshahara kujibu maswali haya. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo papa hapa Kisumu. Siku ya ushauri wa taaluma tuliletewa daktari, mhandisi, rubani na wakili, sijui kwa nini kila mwaka ni hao hao. Gredi ya 10 wananung'unika kwamba walitakiwa kuchagua njia mapema mno, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wana haki ya kunung'unika. Mimi nawaonea wivu kidogo, angalau kuna mtu aliyewauliza.

Kijana wa Gredi ya 10 anayelala kitanda cha chini yangu ametoka Homa Bay, upande wa ziwani kabisa. Wiki ya kwanza alilala na viatu miguuni, kwa sababu binamu yake alikuwa amemwonya kuhusu sisi. Baba yake mdogo anafuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba vya ziwani, na ameniambia kwamba kuna asubuhi wanaamka na kukuta samaki wengi wanaelea wamekufa, kwa sababu usiku maji yaliishiwa hewa. Mimi mtoto wa muuza omena nilikuwa sijui kwamba samaki anaweza kukosa pumzi akiwa majini! Tungependa kulipeleka swali hilo kwenye maonyesho ya sayansi mwaka ujao, yeye na mimi. Mwalimu wa biolojia anasema haiwezekani, silabasi yake na yangu ni mbili tofauti na fomu ina nafasi ya mfumo mmoja tu. Tutamrudia Jumatatu.