Usiniambie "achilia" wakati maji hayajamwagika

Wiki mbili zilizopita niliamka, macho bado yana ukungu, nakuta meseji ya rafiki yangu. Picha ya machweo. Bahari, kamtu kamesimama ufukweni kamenyoosha mikono kama kanapekuliwa na askari, na maandishi makubwa: ACHILIA USICHOWEZA KUKIBADILI. Basi, hiyo ndo meseji yote. Nami nilikuwa nimemwandikia nini usiku wake? Kwamba leo siku ya tisa tunangoja majibu ya vipimo vya mama, kwamba usingizi sina, na kwamba kazini nimemtumia barua pepe ya mteja mtu asiyehusika kabisa. Aya tatu nzima. Yeye akanijibu kwa machweo.

Najua, najua, alikuwa na nia njema. Pengine na yeye ana yake yanamsumbua na hiyo picha ndo kitu pekee alichokuwa nacho mkononi. Nimemsamehe, karibu. Lakini jana katuma nyingine, safari hii mlima, na mimi nimechoka, leo naitoa rohoni.

Maana huu ushauri wa "achilia tu" unatolewa kama vile mambo yote yanayomtesa mtu ni ya aina moja. Sio kweli. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa yaliyokwisha methali inatosha kabisa. Nilishawahi kupoteza simu na picha zote za miaka sita ndani yake, nikalia siku mbili, siku ya tatu nikanawa uso nikaendelea na maisha. Hayo niliyaachilia bila kuhubiriwa, maana hakukuwa na kitu cha kushika. Ila anayengoja majibu maji yake hayajamwagika! Yako ukingoni mwa ndoo, ndoo yenyewe iko kichwani kwa mtu mwingine usiyemjua, anatembea huko njiani, na wewe unaambiwa tulia, usitazame. Aliyengoja majibu ya usaili, ya mtihani, simu ya mtu aliyesema nitakupigia, anajua ninachosema. Kumwambia huyo "achilia" ni kumwambia aachilie kitu ambacho hajakabidhiwa bado.

Mnajua dole gumba langu lilikuwa linafanya nini hizo siku? Lilikuwa linavuta skrini chini. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinapotea. Hakuna kipya. Unaweka simu kifudifudi mezani kama mtu mzima mwenye busara, dakika haijaisha ushaigeuza. Siku moja nilijihesabu nikiwa kwenye foleni tu: mara 14. Na wala majibu hatukuambiwa yatakuja kwa barua pepe!

Halafu kuna hili la kujilazimisha usiwaze, ambalo ndo hasa wanachomaanisha wengi wakisema achilia. Mwaka 1987 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwakalisha watu wakawaambia, kwa dakika tano semeni chochote kinachopita akilini, ila msimuwaze dubu mweupe, na akikujia bonyeza kengele. Kengele zikalia, zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye walipoambiwa haya sasa mwazeni, wakamuwaza kuliko hata wale walioruhusiwa kumuwaza tangu mwanzo. Yaani ukimfungia mlango anakusanya nguvu nje. Sasa huyo ni dubu, mnyama asiyemhusu mtu yeyote mle chumbani. Weka badala yake uvimbe shingoni kwa mama yako, halafu nitumie machweo.

Mama mwenyewe ndo aliyenifundisha kitu, na hakuwa na habari kama ananifundisha. Siku ya tatu ya kungoja alichukua daftari, akakaa mezani na miwani yake, akaandika. Upande mmoja maswali ya kumuuliza daktari majibu yakiwa mabaya, upande wa pili maswali yakiwa mazuri. Chini akaandika nani atabaki na funguo za nyumba na nani amwagilie maua. Akafungasha na kibegi kabisa, khanga mbili, mswaki, chaja, akakiweka nyuma ya mlango. Alipomaliza akafunga daftari akasema, "Haya, zamu yangu imeisha. Sasa ni zamu yao." Akaenda kulala.

Na akalala kweli! Mimi niko sebuleni saa tisa usiku, meno nimeyauma mpaka taya linauma, mabega yamepanda yamegusa masikio, nasikiliza mgonjwa anakoroma. Nilimkasirikia, sitaki kuficha. Asubuhi nikamwambia mama mbona wewe hujali, akaniangalia kwa muda akasema, "Mwanangu, hayo majibu ukiyangojea umesimama ndo yanakuja mbio?"

Sikilizeni sasa, hapo ndo penye hoja yangu. Mama hakuachilia chochote. Alishika. Alishika kila kilichokuwa chake, mpaka mswaki, ndipo mikono ikawa mitupu. Hao wanaotuambia tuachilie wanaanzia mwisho, wanataka utulivu wa mtu aliyekwisha funga daftari bila daftari lenyewe. Hata Epictetus, yule mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa karibu miaka 2,000 iliyopita na kutembea akichechemea, ambaye kila mhamasishaji siku hizi lazima amtaje, hakusema kaa unyooshe mikono baharini. Alitenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyo, sawa, ila alilifanya ni zoezi la kila siku, la kuanguka na kuinuka, kama la mcheza mieleka. Nusu ya zoezi ni kufanya yale yaliyo yako. Hiyo nusu haiandikwi kwenye picha.

Halafu kuna wanaoitumia hii "achilia" kwa makusudi. Nilishafanya kazi sehemu, wenzetu wawili wakaondoka, kazi zao tukagawiwa tuliobaki, mshahara uleule, na mwezi uliofuata tukaitiwa semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Mtoa mada akatuambia tuvute pumzi na tusihangaike na tusiyoweza kuyabadili. Bosi kakaa mstari wa mbele anatikisa kichwa kukubali. Ndugu yangu, yeye alikuwa anaweza kuyabadili! Alikuwa amekaa palepale!

Kupumua kunasaidia, kutembea kunasaidia, sibishani. Kulala pia, ukiupata.

Mimi nilichojaribu baada ya kukoromewa ni kujipangia saa ya kuwaza. Si mbinu yangu, Thomas Borkovec na wenzake waliipima mwaka 1983: unatenga nusu saa, muda uleule kila siku, mahali palepale, wasiwasi ukikujia nje ya muda huo unauambia subiri, na saa ikifika unawaza kwa bidii. Nikachagua saa kumi na moja jioni, kwenye kistuli cha jikoni. Siku ya kwanza nilijiona mwendawazimu. Siku ya pili nikawaza vizuri tu, nikafika dakika kama ya kumi na mbili mada zimeisha, nikaanza kuwaza jino ambalo wala haliumi. Nikainuka nikaosha vyombo. Usinielewe vibaya, usiku wa mwisho haikunisaidia chochote, nilikesha kama mlinzi, lakini siku mbili tatu za katikati niliweza kusoma sentensi mpaka mwisho wake.

Majibu yalitoka siku ya 11, saa nane mchana. Walimpigia mama, sio mimi. Simu yangu ilikuwa chumbani inachajiwa, mama akaja mlangoni anatafuta miwani yake akaniambia, "Wamesema si kitu kibaya, watakitoa tu," kama anayeniambia maji yamerudi bombani. Akaenda kufungua kibegi, akarudisha khanga kabatini moja moja.

Nilidhani siku hiyo nitalala kama mtoto. Wapi. Jana usiku nimejikuta jikoni, nimesimama gizani, dole gumba linavuta skrini chini, kiduara kinazunguka, na nikashindwa kabisa kukumbuka nangoja nini.