Anza na kidevu, ribiti zitangoja

Kila ninapoona modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Vikuu vya Pili, ya skeli ya 1:32 iliyogeuzwa kuwa PR.XI, toleo lake la kupiga picha, jicho langu huenda moja kwa moja chini ya pua. Mara nyingi hapo ndipo kazi ilipoharibika. Chumba cha rubani kimepambwa hadi mikanda, ribiti, zile pini za kushikia bati, zimetobolewa moja moja, lakini kidevu, yaani sehemu ya chini ya pua, ni kile kile cha Mk IX, toleo la kupigana, kimeongezewa uvimbe kidogo. Msimamo wangu ni kwamba kwenye modeli kubwa kama hii, umbo ndilo linalostahili jasho la kwanza.

Mwaka 1939 Maurice Longbottom, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, alipendekeza ndege ya upelelezi ivuliwe silaha, ipande juu sana na itegemee mbio zake. Sidney Cotton, rubani wa Australia, akalifanyia kazi wazo hilo kwa Spitfire. PR.XI ilizaliwa humo: haina bunduki hata moja, na ukingo wa mbele wa kila bawa umegeuzwa tangi la takriban lita 300 za mafuta. Ndege ikikaa angani muda mrefu, injini ya Merlin hudai oili zaidi. Tangi la oili likakuzwa, na boneti ya chini ikashuka kulifunika. Asubuhi ya 17 Mei 1943, Jerry Fray wa Skwadroni ya 542 alipolipiga picha bwawa la Möhne, Ujerumani, lililobomolewa usiku na ndege za Uingereza, alikuwa nyuma ya kidevu hicho hicho. Ukikikosea, umeifuta safari yenyewe.

Mimi nilikikosea. Niliamini mchoro mmoja wa pembeni, nikakata, nikajaza puti, nikapiga msasa jioni tisa. Nilipopuliza rangi ya praima, pua ilikuwa imeinama kama inanusa ardhi. Niliing'oa yote. Tangu siku hiyo mchoro naupima kwanza kwa picha halisi, zilizopigwa ubavuni kabisa na kwa mbali, kwa sababu picha ya karibu hunenepesha pua. Katika skeli hii milimita moja ni sentimita 3.2 za ndege ya kweli. Kosa la milimita mbili linaonekana ukiwa mlangoni.

Njia ninayoitetea ni hii. Kata boneti ya chini yote, usiihurumie. Chonga umbo la kidevu kwa ubavu kutoka kwenye shiti ya plastiki nyeusi ya milimita moja, uisimamishe katikati kama mkuku wa jahazi. Jaza puti pande zote mbili, ipite kidogo, kisha iache ikauke usiku kucha. Ukianza msasa, siku ya pili, mstari mweusi utajitokeza polepole katikati ya puti. Ukiuona wote kuanzia nyuma ya propela hadi chini ya bawa, weka msasa chini. Mbavu za kushoto na kulia utazilinganisha kwa kipande cha kadi ulichokikata kwa umbo la upande mmoja na kukigeuza upande wa pili.

Kioo cha mbele cha rubani nacho ni chake: kimepinda mzima mzima, bila ile bapa nene ya kuzuia risasi. Nilichonga kalibu kutoka kwenye kipande cha mpingo nilichopewa na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Mpingo hauna vinyweleo vya kujichora kwenye plastiki, na joto haliutetereshi. Niliuingiza ndani ya chupa tupu ya plastiki ya maji, nikapitisha hewa ya moto hadi chupa ikajibana. Vioo vinne niliviharibu. Cha tano ni safi kuliko chochote nilichowahi kununua.

Wapo wanaosema kuna sehemu za rezini za kununua zikiwa tayari, kwa nini kujitesa? Nimezinunua. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine zilibeba kosa la mchoro ule ule, na mnunuzi hana njia ya kujua kwa sababu hakupima chochote.

Sasa nimebakisha madirisha mawili ya kamera chini ya tumbo. Lenzi kubwa za inchi 36 zinakuwa kama milimita 29 kwa urefu mezani kwangu, na bomba la shaba la kuzitengenezea nimeshalikata.