AFCON 2027: Viwanja vitajaa, lakini vitanda vya Arusha vingelala vitupu?

Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, utalii umekuwa ukitajwa karibu kila mara serikali hizo zinapoeleza kwa nini fedha nyingi za umma zinakwenda viwanjani. Hoja yenyewe inaeleweka kwa urahisi: mashabiki watakuja, watalala hotelini, watakula, watapanda teksi, na baadhi yao watasogea hadi Serengeti, Zanzibar au Bwindi kabla ya kurudi kwao. Sina ugomvi na kila kipande cha hoja hiyo. Ninachokitilia shaka ni tarehe.

Mashindano yamepangwa kuchezwa Juni na Julai. Huo ndio wakati ambao njia za Kilimanjaro ni kavu, nyumbu wanaelekea Mto Mara, na shule za Ulaya na Marekani zinafunga, kwa hiyo kambi za kaskazini mwa Serengeti hazihitaji mpira ili zijae. Watu wa utalii wa Arusha huuita hai sizoni, yaani msimu wa wageni wengi, na bei za vyumba vyao husema hivyo hivyo. Shabiki atakayechukua chumba ambacho mtalii wa safari angekilipia kwa vyovyote vile hajaongeza mgeni nchini. Amechukua nafasi ya mwingine, na pengine mwingine huyo ndiye angelipa kiingilio cha hifadhi kwa siku nne, pamoja na gari na dereva wake. Isitoshe, ni vigumu kumlaumu wakala wa Ujerumani atakayemshauri mteja wake aahirishe safari hadi mwaka unaofuata, akihofia msongamano na bei kupanda.

Hata hivyo, si kila mji mwenyeji ni Arusha. Hoima, mji wa magharibi mwa Uganda ambao nje ya nchi hiyo unajulikana zaidi kwa mafuta, umejengewa uwanja wa watu 20,000, na hauko mbali na maporomoko ya Murchison. Mgeni atakayefika huko kwa ajili ya mechi kwa kweli ni mgeni ambaye asingefika. Dar es Salaam nayo watalii wengi huipita tu, kutoka uwanja wa ndege hadi boti ya Zanzibar, na siku tatu za mashabiki wa Senegal au Misri zingekuwa nyongeza halisi kwa mama lishe na kwa hoteli za Kariakoo. Kwa hiyo anayesema mashindano hayaleti chochote anakosea kama yule anayehesabu kila kiti cha uwanjani kuwa mtalii mpya.

Ukubwa wa nyongeza hiyo unaweza kukisiwa kwa kutazama Afrika Kusini, ambako Kombe la Dunia la 2010, tukio kubwa kuliko AFCON kwa kila kipimo, lilileta wageni wa kigeni wapatao 309,000, pungufu ya makisio yaliyokuwa yametangazwa kabla. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 na Tanzania milioni 2.1 bila mashindano hayo. Wengi wa watakaosafiri mwaka 2027 watatoka ndani ya kanda hii hii, wakivuka Namanga au Mutukula kwa basi. Shabiki wa Mwanza anayekwenda Kampala ana uwezekano mkubwa wa kulala kwa shemeji kuliko hotelini, jambo ambalo ni jema kwa udugu lakini halimsaidii waziri wa fedha.

Gharama, kwa upande wake, haisubiri makisio. Uwanja wa Talanta jijini Nairobi, wa watu 60,000, umegharimiwa kwa hati fungani ya takriban Sh44.8 bilioni za Kenya, iliyoorodheshwa katika soko la hisa Julai 2025, kwa riba ya takriban asilimia 15 na muda wa miaka 15. Maana yake ni kwamba mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atakuwa mtu mzima kabla deni la mwezi mmoja wa mpira halijaisha. Kama utalii ndio utakaolilipa, lazima uongezeke kila mwaka baada ya fainali, na sijaona anayeeleza kwa njia gani.

Utetezi ulio na nguvu zaidi, kwa maoni yangu, hauhusu watalii hata kidogo. Kwa kukosa uwanja uliokidhi viwango vya CAF, Kenya ililazimika Juni 2024 kucheza mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia huko Lilongwe, Malawi, na Uganda nayo iliwahi kutangatanga hivyo hivyo kabla uwanja wa Namboole, karibu na Kampala, haujakarabatiwa. Tarehe isiyosogezwa hufanya kazi ambayo bajeti za kawaida hushindwa kuifanya: michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, ndiyo iliyosukuma ukarabati wa Kasarani na Nyayo jijini Nairobi, na wa Namboole, hadi ukakamilika. (Si dawa ya uhakika, kwani Kenya hiyo hiyo ilipokonywa AFCON ya 1996 na CHAN ya 2018 kwa kutokuwa tayari.) Serikali zingesema waziwazi kwamba zinajenga viwanja kwa ajili ya wachezaji na mashabiki wa nyumbani, mjadala ungekuwa wa haki zaidi, kwa sababu tungeuliza nani atautumia uwanja wa Arusha, wa watu wapatao 30,000, katika mji usio na timu yenye umati kama wa Simba au Yanga.

Kama lengo kweli ni utalii, mfano wa karibu upo Naivasha. Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, iliendeshwa Juni kwa msaada mkubwa wa serikali ya Kenya. Tangu 2024 imehamia Machi, ukingoni mwa masika, wakati kambi nyingi zinaanza kupungukiwa na wageni. Wengi wa wanaojazana Kedong na Hell's Gate ni Wakenya wenyewe, na fedha wanazotumia zimetoka Nairobi, si ng'ambo. Lakini angalau zinaangukia vyumba ambavyo vingekuwa vitupu.

Lipo pia jambo ambalo gharama yake ni ndogo kuliko nguzo moja ya uwanja. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya watalii tangu 2014, kwa dola 100 na siku 90, Tanzania haimo. Mashindano yamepewa jina la Pamoja, lakini shabiki wa nje ya kanda anayehitaji viza, akitaka kuifuata timu yake kutoka Kampala hadi Nairobi kisha Dar es Salaam, atalipa viza ya pili mpakani. Na huko mpakani, fomu ya uhamiaji ingeongezewa kisanduku kimoja tu, cha waliokuja kwa ajili ya mashindano, tungejua Agosti 2027 walikuwa wangapi, walikaa siku ngapi, na kama kuna aliyefika Murchison.