Kiti cha filamu na nusu ya makalio yangu

Mkiniona nakikagua kiti kabla sijakikalia msinicheke, nina sababu zangu.

Nilikuwa kwenye kruu ya filamu ya aksheni ila ya kuchekesha, na cheo changu ni kile cha kutokuwa na cheo, dogo leta waya, dogo zima feni inaharibu sauti, dogo kamwite fulani. Siku hiyo tunapiga sini ya ugomvi, steringi anamrushia jambazi kiti, kiti kinasambaratika mgongoni, jambazi chali. Sasa kwa wasiojua, vile viti siyo viti. Ni mbao za balsa, nyepesi unanyanyua kwa vidole viwili, halafu miguu inakatwakatwa kidogo na msumeno ili kikigusa mtu kiachie chenyewe. Hata kioo cha dirisha mnachoonaga kinapasuka siyo kioo, zamani walikuwa wanachemsha sukari wanaimwaga inaganda bapa, siku hizi ni resini, kitu kama plastiki. Viti vya hivyo tulikuwa navyo vitatu, teki ya kwanza steringi karusha kikapita pembeni, ya pili kacheka katikati, kwahiyo kikabaki kimoja tu.

Ikatangazwa brek. Mimi nimesimama toka alfajiri, nyayo zinawaka moto, nageuka naona kiti. Na wala sikukaa, niliweka nusu ya makalio tu. Kraaaa!

Nikaangalia kushoto, kulia, hamna mtu. Yani hamna mtu kweli, nilihakikisha. Nikakimbilia kwenye sanduku la fundi wa mapambo nikachukua gundi ya mbao, nikaunga miguu, nikaunga egemeo, nikapaka tena na kwa juu ili ufa usionekane. Kwenye kopo wameandika ikauke muda gani sikusoma, nani anasoma kopo na kesi inamsubiri?

Watu wakarudi. Nikashikishwa ile fimbo ndefu ya maiki. Sauti tayari, kamera inazunguka, ubao ukapigwa pa!, aksheni! Steringi akakamata kiti palepale kwenye egemeo, akazunguka nacho kwa nguvu zote, akaachia.

Kiti hakikuachia.

Kikaenda, na yeye akaenda nacho. Jambazi alikuwa mtu wa kazi kweli, hakuguswa hata na upepo ila muda wake wa kuanguka umefika akaanguka, akajilaza, akafa. Steringi huyo akampita, akapasua dirisha la resini ambalo lilikuwa la dabo wake, yule anayemrukia sini za hatari, kwa ajili ya kesho, na nashukuru sana magodoro ya kesho yalikuwa yameshapangwa kule nyuma. Kimya. Dairekta mdomo wazi, hasemi "kati!", ile amri ya kusimamisha kamera, hasemi chochote. Mara dirishani tukaona miguu ya kiti inachomoza, halafu mikono, halafu steringi na vipande vya resini kichwani, na si mnajua steringi hafi, akapanda tena ndani, akamfuata jambazi aliyeshakufa, akamgonga na kiti kwa upole, ko ko ko, kama anabisha hodi. Kiti hakivunjiki. Gundi ile nilipaka kwa moyo.

Ilipokuja kusemwa "kati!", nusu ya watu tuko chini kwa kicheko. Mtu wa sauti peke yake hajacheka, akasema naomba sekunde 30 za kimya, maana kila sini lazima wachukue ukimya wa chumba kwa ajili ya editi. Hizo sekunde 30 sitasahau, watu wazima wanang'ata mashati, steringi kaganda na kiti mkononi, na gundi inalialia kriii, kriii kila akivuta pumzi.

Dairekta akasema hii inabaki. Dada wa kontinyuiti, anayehakikisha sini zinaendana, akakuna kichwa, kama hapa kaondoka na kiti basi sini inayofuata lazima awe na kiti, na inayofuata hiyo pia! Siku 3 mzima steringi alipigana, akakimbia mpaka akamtongoza mrembo akiwa na kiti mkononi. Fundi wa mapambo akawa anasifiwa kwa ubunifu, na yeye anapokea tu pongezi. Mimi nikanyamaza.

Sasa siku ya kuiangalia, kruu nzima tumejaa ukumbini, mwisho majina yanapita na pembeni wameweka yale makosa ya nyuma ya kamera, staili ile aliyotuzoesha Jackie Chan. Kumbe kamera ya kurekodi nyuma ya pazia ilikuwa imeachwa kwenye stendi yake, inazunguka brek nzima. Skrini yote ni mimi. Nusu ya makalio. Kraaa. Halafu naangalia kushoto, kulia, nahakikisha hamna mtu.

Steringi alikuwa kiti cha mbele yangu. Akageuka taratiibu, akaniangalia, akasema "dogo, simama kwanza hicho ulichokalia nikiangalie."