Mbunge akihama chama, kiti ni cha nani?

Jioni ya tarehe 23 Februari 2025 nilisimama nyuma ya darasa la shule moja hapa Erfurt nikitazama kura zinavyohesabiwa. Sikuwa wakala wa mtu, wala sina haki ya kupiga kura huku. Ila Ujerumani kura huhesabiwa hadharani; yeyote huingia akatazama, mradi asisumbue. Makaratasi yalimwagwa kwenye meza za wanafunzi, mama mmoja akayapanga mafungu mafungu. Macho yangu yalikuwa kwenye fungu la BSW, chama kipya cha mwanasiasa Sahra Wagenknecht.

Chama hicho hunikumbusha kwetu Kigoma. Oktoba 2023 Wagenknecht na wabunge wenzake tisa walijitoa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, na Januari 2024 wakazindua chama chao. Septemba ya mwaka huohuo kikapata asilimia 15.8 hapa jimbo la Thüringen na baadaye kikaingia serikali ya jimbo. Halafu katika uchaguzi ule wa Februari, nchi nzima, kikaishia asilimia 4.98 katika hesabu ya mwisho. Sheria inataka 5. Kura zilizopelea hazikufika 10,000, na watu karibu milioni 2.5 waliokichagua wakabaki bila mbunge hata mmoja. Naiona sheria hiyo ni kali mno.

Lakini kuna jambo ninalowaonea wivu Wajerumani. Tangu walipojitoa mpaka uchaguzi, wale kumi waliendelea kukaa bungeni. Die Linke walikasirika, wakadai viti virudishwe, hata kundi lao la bunge likavunjika. Hakuna aliyeweza kuwang'oa. Katiba ya huku inasema mbunge ni wa wananchi wote, na hafungwi na amri ya mtu.

Kwetu? Machi 2015 Zitto Kabwe alipovuliwa uanachama wa CHADEMA, ubunge nao ulikwenda. Ibara ya 71 ya Katiba ndiyo inayosema hivyo. Watu wa Kigoma Kaskazini waliompigia kura hawakuulizwa lolote. Mjomba wangu kule Mwandiga alikaa na kadi mbili kabatini, ya zamani na ya ACT-Wazalendo, chama alichohamia Zitto, na hakuitupa ile ya kwanza kwa sababu, alisema, aliilipia kwa pesa ya dagaa. Oktoba chama kipya kikapata jimbo moja tu, Kigoma Mjini, la Zitto mwenyewe. Mgombea wake wa urais, Anna Mghwira, alipata kura 98,763.

Mtaniambia kuhusu wanawake 19 wa viti maalumu waliofukuzwa CHADEMA mwaka 2020 na bado wakabaki bungeni. Ndiyo maana nakasirika zaidi: ibara hii humuuma mmoja na kumwacha mwingine.

Tazameni pia 2019. Maalim Seif wa CUF alipohamia ACT, "shusha tanga, pandisha tanga", ofisi za CUF Zanzibar zilipakwa rangi ya zambarau kwa siku chache tu. Wanachama walihama kwa maelfu. Wabunge waliokuwa naye moyoni ikabidi wabaki CUF hadi Bunge livunjwe 2020, wakivaa rangi ya chama wasichokiamini tena.

Hivyo ndivyo vyama vyetu vinavyozaliwa, kwa kuwa wabunge husubiri Bunge livunjwe: dakika za mwisho, bila matawi wala mawakala wa kutosha vituoni. Siku mchakato wa Katiba ukirudi, mimi ningeanza na ibara ya 71, kabla hata ya tume ya uchaguzi.